Ngamia wa Maonyesho ya Ukweli

Benchi la Shee halikuwa benchi. Lilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya madebe mawili ya mafuta ya taa, nje ya duka ambalo mwenye nalo alilifunga vita vya shifta, waasi wa porini, vilipopamba moto, na kwa kuwa mlango ule ulikuwa bado na kitasa chake, kulikuwa na nafasi moja ambayo hakuna aliyependa kuikalia. Shee alikuja Garissa kutoka Lamu na birika la shaba, akisema atakaa mwezi mmoja, na sasa watoto waliozaliwa mwaka ule walikuwa wakimwomba asogeze jiko lake wapate kucheza. Kisomali kilimpiga chenga. Aliyetaka kahawa yake ilimbidi aseme Kiswahili, kila mtu cha kwake, na Shee alivumilia ngeli zilizovunjwa kama alivyovumilia vikombe vilivyovunjwa. Kikao kilianza baada ya sala ya alasiri na kuvunjika king'ora cha kafyu kilipolia, kwa sababu aliyekutwa nje baada ya hapo alikuwa na kesi ya kujibu. Kwa hiyo uongo wote wa mji ule ulilazimika kumalizika kabla ya magharibi.

Alhamisi hiyo, mwanzoni mwa mwaka wa sitini na saba, habari ya mji ilikuwa hema. Lilisimamishwa karibu na uwanja wa mpira, kubwa, la turubai, na juu ya mlango wake pakaandikwa MAONYESHO YA UKWELI. Picha zilikuwa zimetoka Kenya. Ndivyo watu wa Garissa walivyosema, "zimetoka Kenya", kana kwamba wao wenyewe wako nchi nyingine, na ukitazama vizuri nusu ya ugomvi wa vita vile ilikuwa humo humo katika msemo huo. Bwana aliyefungua maonyesho alihutubia kwa kirefu. Alisema watu waliosahauliwa pembezoni nao wana haki ya kuona sanaa, na ya kujiona ndani yake. Wanaume waliingia Jumatano, wanawake siku ya pili yake, na Jumamosi picha zingepakiwa kwenye Landrova zipelekwe manyatta, vile vijiji vya amri ambako wafugaji walikusanywa na mifugo yao.

Aliyewasha moto benchini alikuwa Kulow. Huyu alishuka kutoka Mandera mwaka uliopita, na wenzake walimwita Redio. Redio hakuwa nayo, ila alisikiliza za watu akiwa dirishani, kisha akaongeza habari ambazo watangazaji walizisahau. Methali za Kiswahili alizipenda kuliko kahawa yenyewe, na alizitumia kama mtu aliyeokota ufunguo njiani akaujaribu kwenye kila mlango.

— Hii bicha yote ni ya kuhesabu ngamia, alisema. — Wanasema ukweli, ukweli. Wallahi wanataka kujua alama ya moto kwa shavu ya ngamia. Wakijua alama wanajua mwenyewe, wakijua mwenyewe wanakuja. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Maana yake ukiona mgeni, ficha mbuzi yako, utapona.

— Maana yake si hiyo, Shee alisema huku akimimina.

— Kwenu Lamu labda ni ingine.

Aden akakohoa. Aden akikohoa mahakama imekaa. Alikuwa amefagia chumba cha mahakama kwa miaka mingi hadi sheria ikamwingia puani pamoja na vumbi, na jina lake la benchini lilikuwa Hakimu, jina alilolikataa kwa mdomo tu. Alitaka kwanza jambo liwekwe sawa. Hawa wageni wamedai wameleta ukweli. Vyema. Ukweli huletwa na shahidi, na shahidi huapa. Sasa picha itaapaje, nayo haina mkono wa kuweka juu ya msahafu?

— Ile bicha ya mama anachuma chai ina mikono miwili, Kulow alisema.

— Yote miwili imejaa chai.

Hapo hata Shee alicheka, na Shee hakuwa mwepesi wa kucheka mbele ya wateja wasiolipa kwa wakati. Kila mtu alicheka isipokuwa Olow, aliyekuwa amekaa penye kitasa bila kuhisi kitasa.

Olow alikuwa mnunuzi wa ngozi, mtu mpole, mwenye harufu ya chumvi na ya mbuzi ambayo mkewe Lul alikwisha kuizoea. Tangu mwezi uliopita benchi lilimbatiza jina jipya, Bwana Arusi, nalo lilimchoma kuliko kitasa. Ndugu yake mdogo, Sugow, aliondoka na ngamia wa familia kabla ya amri ya kuwakusanya watu kukamilika, akaelekea porini upande wa Bura, na tangu hapo hakurudi. Kurudi kulikuwa kugumu. Aliyekutwa nje ya mipaka iliyowekwa alihesabiwa shifta, hata kama silaha yake ilikuwa fimbo na kibuyu. Kisha akaja mchuuzi mmoja na habari ya kusikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu: mvua za masika zilizopita, kisimani, alizikwa mchungaji aliyefanana na Sugow.

Wazee wa ukoo waliipima habari ile wakaona inatosha. Kesho, baada ya sala ya Ijumaa, wangekaa na sheikh waithibitishe. Mke wa Sugow, Maka, aanze eda, na eda ikiisha Olow amrithi, kama ilivyo desturi, ili watoto wa marehemu wasitawanyike. Desturi ilikuwa njema na Olow alijua wema wake. Alichokijua zaidi ni kwamba ndugu yake hajafa. Hakuwa na ushahidi wowote. Alilijua hilo kama unavyojua mlango wa nyumbani kwako gizani. Maka naye, kila alipoelezwa, alijibu neno moja tu: mleteni aliyemwosha. Hakuletwa mtu. Na tangu habari ya ndoa ianze, chai ya Olow ilikuwa inakuja kutoka kwa Lul bila sukari.

— Bwana Arusi amenyamaza, Kulow alisema. — Anahesabu siku. Haraka haraka haina baraka, ndugu yangu, lakini na pole pole nayo mwanamke anazeeka.

— Mwache, Shee alisema.

Olow alikizungusha kikombe chake mkononi. Alikuwa na jambo lake tangu jana na lilikuwa limemkaba. Jana, wanaume walipoingia hemani, waliwekwa nyuma ya kamba, mbali kidogo na picha, wakawa wanasukumana kama mbuzi kwenye josho. Katikati ya picha za bandari na za viwanda na za mama wa chai, alimwona ngamia. Jike la rangi ya mchanga, kando yake ndama, nyuma yao mgunga mmoja. Shavuni kulikuwa na alama: mstari mmoja na nukta chini yake. Alama hiyo ilikuwa ya ukoo wa Olow. Ndani ya moyo wake alisema, ni Deero, ngamia wa Sugow. Lakini ukoo ulikuwa mkubwa na ngamia wenye mstari na nukta walikuwa wengi, wengine walikwisha kuchukuliwa, na macho ya mtu mwenye hamu hayafai kuwa shahidi. Kabla hajatazama vizuri, wa nyuma walimsukuma hadi kwenye picha ya reli.

Jioni ile, kabla ya king'ora, alimwambia Maka neno moja tu, kwamba kesho, siku ya wanawake, aende hemani na asimame mbele. Hakumwambia kwa nini. Aliogopa kumpa tumaini ambalo baadaye lingekuwa kazi kulichukua.

— Aden, Olow alisema, na wote wakageuka kwa kuwa ndilo neno lake la kwanza tangu kahawa ianze. — Huyu mchoraji, wewe waonaje? Aliona kwa macho yake, au alikaa Nairobi akabuni?

Aden alilipenda swali lile. Aliweka kikombe chini ili mikono yote miwili ipate nafasi ya kutoa hukumu.

— Mahakamani nilisikia mashahidi mpaka masikio yakaota sugu, alisema. — Shahidi wa uongo huja na maneno laini, kila kitu kimekaa pahali pake. Shahidi wa kweli ana kitu kimoja kibaya ndani ya maneno yake. Hakieleweki. Hata yeye anakionea haya. Lakini ukimwambia akitoe, hatoi, kwa sababu alikiona.

— Basi huyu ni mwongo namba moja, Kulow alisema. — Njia ya mwongo ni fupi. Ndiyo maana wamekuja na Landrova.

Kutoka hapo hakukuwa na wa kumzuia. Alieleza kwamba turubai la picha na turubai la mahema ya jeshi ni kitambaa kimoja, kimefumwa pahali pamoja, na kwamba kila picha ina sikio nyuma yake. Aden alipouliza nani ameliona hilo sikio, Kulow alisema sikio lililofichwa vizuri ndilo lisiloonekana, na kwamba kutoonekana kwake ni ushahidi tosha. Alieleza kwamba mama wa chai alilipwa ili acheke, maana hakuna mtu mwenye mzigo mgongoni akacheka bure. Alipofika kwenye kikombe cha pili, akafika kwa ngamia.

— Ile ngamia si ya kweli, alisema, akainamisha sauti ingawa mtaa mzima ulimsikia. — Wameitengeneza huko Nairobi. Kiwandani. Turubai nje, nyasi ndani. Wanataka kusimamisha ngamia kama hiyo kisimani, shifta wakija kuiba wanashikwa. Hii bicha ni ya kuonyesha mfano tu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hiyo ngamia ukiangalia, guu yake imenyooka sana.

— Guu limenyooka ndiyo iwe ya kiwandani? Aden aliuliza.

— Kuna kubwa zaidi. Fundi ya Nairobi hajui ngamia. Amekosea kitu hata mtoto ya kwetu hawezi kukosea. Nilicheka mpaka askari akanitazama.

— Amekosea nini? Shee aliuliza.

— Amefunga chuchu ya upande wa kulia.

Shee aliomba radhi. Yeye ngamia alimjua kwa kupishana naye njiani tu, na hakufahamu kwa nini mnyama wa Mungu afungwe chuchu, sembuse upande. Aden akamfafanulia kwa upole. Ngamia ana chuchu nne. Akizaa, mbili huachiwa ndama na mbili huwekewa watu, na zile za watu hufungwa kwa kamba laini ya magome ili ndama asizimalize. Na za watu huwa za upande anaosimama mkamuaji. Huku kwetu, alisema, sote husimama upande wa kushoto, tangu babu na babu, na ngamia wenyewe wamezoea hivyo. Ukimwendea upande mwingine atakupiga teke uione Mogadishu bila nauli.

— Ndiyo nasema, Kulow aliendelea kwa raha. — Sasa nani atakamua ngamia upande wa kulia? Nani? Nionyeshe mtu mmoja. Labda awe...

Alitafuta mfano akaukosa, akanywa kahawa. Hakuona kwamba benchi lote linamtazama. Yeye alitoka Mandera mwaka uliopita tu. Hakuwahi kumwona Sugow.

Shee alimfahamu vizuri. Shee alikuwa amegombana na Sugow kila alasiri kwa mambo ya adabu, kwa sababu kijana yule alipokea kikombe kwa mkono wa kushoto. Alikuwa wa kushoto tangu tumboni. Baba yake alimkemea, mama yake aliufunga ule mkono kwa kitambaa msimu mzima, na mkono ulipofunguliwa ulirudi kazini kama haukwenda popote. Mwisho baba alichoka, akamfundisha ndama mmoja wa kike kukubali mtu upande wa kulia, akampa mwanawe. Ndama yule alikua, akaitwa Deero. Hakuna mtu mwingine katika ukoo mzima aliyeweza kumkamua. Vijana walikuwa wakicheka wakisema Sugow na ngamia wake wameoana, wanaelewana wao kwa wao.

Aden alisogea mbele. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mahakama, lakini ya chini.

— Kulow. Huyo ndama kwa picha, ni mkubwa?

— Mkubwa wapi. Nundu haijasimama. Amezaliwa mvua ya vuli, hii iliyopita.

— Una hakika?

— Mimi nimezaliwa na ngamia, alisema Kulow, akitaka kusema kati ya ngamia, na hakuna aliyemsahihisha.

Masika alizikwa mtu kisimani, ikiwa alizikwa. Vuli, miezi mingi baada ya mazishi hayo, mtu alisimama upande wa kulia wa Deero akafunga kamba. Olow alikishika kikombe, akakiweka tena kando ya kitasa bila kunywa. Kifua chake kilijaa furaha mpaka kikauma. Alitaka kusimama katikati ya barabara alitaje jina la ndugu yake, alitaje kwa sauti, mji mzima usikie. Ng'ambo ya barabara, mlangoni mwa duka la pili, askari wawili walikuwa wamekaa juu ya masanduku wakinywa soda.

Hakusimama. Ngamia aliye na mkamuaji ana mtu, na mtu aliye huko porini bila ruhusa alikuwa na jina moja tu katika vitabu vya wakati ule. Ukweli ulikuwa umefika Garissa kwa Landrova ya serikali, umetundikwa hemani, umewekewa kamba, na wenyewe hawakuweza kuusema.

Aden naye alikwisha kuwaona wale askari, akaona kwamba kosa la fundi likivuma mjini hakuna atakayemuulizia mkamuaji. Akamgeukia Kulow kwa heshima ambayo Kulow hakuwahi kuipata kwake.

— Redio, hiyo habari yako ya ngamia wa kiwandani ni nzito. Usiiache hapa benchini. Ipeleke sokoni, ipeleke kwenye kivuko cha mto. Mwambie kila mtu fundi ya Nairobi amekosea upande.

— Nilijua utakubali, Kulow alisema.

— Nimekubali kabisa.

Kisha, wakati Kulow anajipangusa mdomo kwa ushindi, Aden alimwinamia Olow.

— Kesho nitamwona sheikh kabla ya sala. Kikao kingoje.

— Akiuliza sababu?

— Nitamwambia shahidi amepatikana, ila hawezi kuitwa. Sheikh ni mtu mzima, ataelewa.

Wanawake walianza kurudi kutoka hemani makundi kwa makundi, shashi zao za kichwani zikipepea, na mtaa ukajaa sauti. Walizungumza juu ya mama wa chai, kwamba amevaa vibaya, na juu ya bahari, kwamba ni maji mengi kupita mahitaji. Maka alikuwa nyuma yao, peke yake. Kwa mwaka mzima alikuwa akipita mbele ya benchi lile akitazama chini. Siku hiyo alikuja hadi ukingo wa kivuli, akasimama pale ambapo mwanamke anaweza kusimama na kusalimu wanaume bila kuwa amekaa nao. Aliuliza hali zao, wakajibu njema. Akamtazama Olow.

— Shemeji, nimeiona ile picha.

— Na mimi niliiona jana. Lakini nilikuwa mbali.

— Mimi nilisimama mbele. Maka aliangalia upande wa askari, kisha akamgeukia tena Olow. — Yule mchoraji hajui kabisa kufunga ngamia.

— Hajui, Olow alisema. — Ndivyo tulivyokuwa tunasema hapa.

Maka alicheka. Alicheka kidogo tu, mkono mdomoni, lakini Shee aliyekuwa na birika mkononi alisahau kulisimamisha na kahawa ikafurika kikombe cha Aden hadi kwenye goti lake, na Aden hakulalamika. Maka alipoondoka alitembea kwa haraka, kichwa juu, kama mtu aliyeacha uji jikoni.

— Ona, Kulow alisema. — Hata mwanamke amegundua.

Jua lilikuwa limeshaegemea mto walipomwona Noordin akija, na kando yake mtu mgeni. Noordin alikuwa mkalimani wa ofisi ya wilaya na mwanabenchi wa tangu zamani. Mchana alisema maneno ya serikali kwa Kisomali na maneno ya Wasomali kwa Kiingereza, na jioni alikuja kwa Shee kupumzisha ulimi. Uso wake alikuwa ameufundisha kutoonyesha kitu. Mgeni alikuwa kijana mwembamba, rangi imekauka kwenye kucha zake, na alisalimu kila mtu kwa mkono, mmoja mmoja, akianza na Aden. Aliitwa Mwakio, mwalimu kutoka Taita. Ndiye aliyechora.

Kulow alimwangalia kwa jicho la mtu anayemjua mwenzake vizuri kuliko anavyojijua.

Olow alisogea, Mwakio akapewa nafasi ya kitasa, akaikalia bila kunung'unika, na kwa hilo benchi lilimpenda. Alisema picha nyingine si zake, zake ni mbili tu, ule mto na yule ngamia. Alisema kuna jambo linamsumbua tangu Ramadhani, na kwamba Bwana Noordin alimwambia kama kuna watu wanaojua kila kitu mjini hapa, ni hawa.

— Uliza, Aden alisema polepole.

— Tulikuwa njiani, gari likapasuka gurudumu kabla ya Bura. Askari wakashughulika nalo. Mimi nikatembea nyuma ya kichuguu kimoja kikubwa, nikamkuta yule ngamia na mtoto wake. Hapakuwa na mtu. Nikakaa nikachora. Unajua ukichora husikii kitu. Nilipoinua macho, kando yangu palikuwa na chombo cha maziwa. Kimejaa. Hakikuwapo nilipokaa. Nilitazama huku na huku, sikuona mtu wala nyayo za kuelewa. Nilikuwa na kiu sana, nikanywa. Nikakiacha chombo pale pale nikarudi garini, na askari sikuwaambia, sijui kwa nini. Baadaye nikakumbuka ilikuwa mwezi wa kufunga. Yule mtu mwenyewe alikuwa hajala.

Alikwangua rangi kwenye ukucha.

— Ningependa tu kujua ni nani, alisema. — Yule aliyenipa maziwa, ni nani?

Lilikuwa swali jepesi kuliko yote yaliyowahi kuulizwa pale. Benchi ambalo lilijua idadi ya nyota, siri za Nairobi na kilichomo nyuma ya turubai, liliinamia makaa. Aden alikohoa, lakini mahakama haikukaa. Shee alifuta kikombe kilichokuwa kisafi. Wote wakamtazama Noordin, maana kazi yake ilikuwa kuwatolea watu maneno yao, na Noordin akatazama mtoni.

— Swali limeulizwa kwa Kiswahili, alisema. — Hapa mimi sina kazi.

— Hakuna anayemjua? Mwakio aliuliza tena, akamgeukia Kulow aliyekuwa karibu naye.

Kulow alifungua mdomo. Alimtazama Aden, akamtazama Olow, ambaye machozi yalikuwa yakimtoka na hayafuti. Kitu fulani kilipita usoni mwa Redio, polepole, kama habari inayofika kutoka mbali. Akaangalia askari wa ng'ambo. Akafunga mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke kutoka Mandera, akasema jambo la kweli tupu.

— Mimi ni mgeni hapa.

Olow alijipangusa kwa kiganja. Alimwuliza mwalimu kama yale maziwa yalikuwa mazuri. Mwakio alisema yalikuwa mazuri sana, yana harufu ya moshi, na hajawahi kunywa kitu kama kile.

— Alhamdulillahi, Olow alisema.

Shee aliinua birika kumimina kikombe cha mgeni, likatoa matone mawili na mashapo. Kahawa ilikuwa imekwisha. Olow akachukua kikombe chake mwenyewe, kile kilichokuwa kimejaa na kupoa tangu alasiri, akampa Mwakio kwa mikono miwili. Mwalimu alishukuru akanywa yote, asijue kwamba alikuwa anakaribishwa na jamaa wa nyumba ile ile kwa mara ya pili.

— Sasa, Shee alimwambia Kulow akikusanya vikombe, — hiyo ndiyo maana ya mgeni njoo mwenyeji apone.

Kulow aliitikia kwa kichwa tu. King'ora kikaanza kulia upande wa ofisi, wakasimama, wakapeana mikono, kila mtu akashika njia yake. Olow alipita kwanza nyumbani kwa Maka, akasimama nje ya ua, akamwita kwa sauti kila jirani apate kusikia vizuri neno alilolitumia, neno la mke wa ndugu, si la mchumba.

— Shemeji, alisema. — Habari za watoto?